Tuwainue Wazee Wetu, Tusiwabebe Tu



Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, kinamwagiza mwana amtegemeze baba yake wakati wa uzee na kumvumilia hata akili zake zikipungua. Vikundi vyenu, vya Kiro, vya Xaveri na vinginevyo, vinalitii agizo hilo: mnawatekea wazee maji, mnawapasulia kuni, mnawafulia nguo. Ni matendo mema, wala sisemi myaache. Nasema tu kwamba upo msaada unaomwinua mzee, na upo msaada unaomfunga kitini.

Msuli usiotumika hunyauka. Kila mara tunapomwambia bibi, "Kaa tu, usijisumbue," tunamnyang'anya nguvu kidogo kwa jina la heshima. Kwanza anaacha kupanda mlima kwenda Misa, kisha anaacha kufika kwa jirani, na mwishowe hainuki bila kushikwa. Anguko moja laweza kumvunja nyonga. Nasi wa Kivu twajua jambo zito zaidi: siku watu wanapokimbia vita, asiyeweza kutembea ndiye anayebaki nyuma.

Wengine watasema: mzee amelima maisha yake yote, sasa astahili kupumzika. Ni kweli, astahili kupumzishwa mizigo mizito. Lakini kupumzika si kukaa bila kujongea. Wengine hudhani kwamba nguvu zikiisha uzeeni hazirudi tena. Mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya mazoezi waliyowapa wazee dhaifu 10, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Baada ya majuma 8 ya kuinua uzito kwa miguu, nguvu za wale waliomaliza ziliongezeka zaidi ya maradufu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa juma, pamoja na kutembea na shughuli nyingine za mwili.

Kazi hiyo haidai mashine wala fedha. Kiti imara chatosha: mzee ainuke na kuketi bila kujisukuma kwa mikono, mara tano, kisha mara kumi kadiri anavyozoea. Ashike ukuta, asimame juu ya vidole vya miguu, kisha kwa mguu mmoja, kijana akiwa karibu naye. Abebe bidoni ndogo ya maji, ninyi mkibeba kubwa. Aende Misa kwa miguu yake, nanyi mwende kwa mwendo wake. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyeanguka karibuni apate kwanza shauri la muuguzi wa kituo cha afya. Na yeyote akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja. Tena msiende mikono mitupu, maana msuli haujengwi na njaa: sahani ya maharagwe au ya sambaza ni sehemu ya zoezi.

Kumbukeni kiwete wa sura ya 3 ya Matendo ya Mitume. Kila siku watu wema walimbeba mpaka mlango wa hekalu, na kila siku alibaki pale akiomba sadaka. Petro hakumbeba. Alimshika mkono akamsimamisha, na mtu yule akaingia hekaluni kwa miguu yake mwenyewe.

Basi kila kikundi kichague wazee wawili au watatu wa jumuiya yake hai, kiwatembelee siku tatu kwa juma, robo saa tu. Haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya kuwafanyia wazee jambo lolote, waulizeni kwanza: "Je, tulifanye pamoja?"