Daftari Peke Yake Halitoshi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mali usemi huo ni kweli, lakini kwa maneno ya lugha ngeni daftari peke yake halitoshi. Wako wanafunzi wengi wa Kiingereza, vijana kwa watu wazima, wenye madaftari yaliyojaa: Kiingereza upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia, mwandiko safi. Lakini ukimwuliza mmoja wao neno aliloliandika juma lililopita, sharti afungue daftari kwanza. Maneno yamo daftarini, kichwani hayamo.

Hasara ya jambo hili si ya darasani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, nacho pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Hata hivyo karatasi nyingi za mikopo na za ajira huandikwa kwa Kiingereza. Mtu aweza kuletewa hati ya mkopo wa jirani yake, akaonyeshwa mahali palipoandikwa "guarantor", naye akatia sahihi akidhani kwamba anashuhudia tu. Shahidi ni "witness"; "guarantor" ni mdhamini, na mkopaji akishindwa kulipa, deni humwangukia yeye. Basi neno moja lisilokumbukwa laweza kuuza ng'ombe.

Kwa nini tunasahau upesi? Mtaalamu Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijijaribu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akatangaza matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza kwake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja imebaki kama thuluthi. Lakini baada ya mwezi mzima ilikuwa bado kama sehemu moja ya tano. Yaani kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Kwa hiyo yatupasa kulirudia neno mapema, kabla halijatoroka, kisha kuliacha kwa muda mrefu zaidi kila mara linapokumbukwa.

Iko njia rahisi ya kufanya hivyo, iliyoenezwa na Sebastian Leitner katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1972. Kata vipande vya karatasi ngumu. Andika neno la Kiingereza upande mmoja, na maana yake upande wa pili. Twaa kasha, hata la viatu, uligawe vyumba vitatu. Karatasi mpya hukaa katika chumba cha kwanza, nacho hupitiwa kila siku. Cha pili mara mbili kwa juma. Cha tatu mara moja kwa juma. Ukilijibu neno sawasawa, lihamishe chumba cha mbele. Ukikosea, lirudi chumba cha kwanza. Usigeuze karatasi mpaka umejaribu kujibu, kwani juhudi ya kutafuta kichwani ndiyo inayolikaza neno. Kulitazama tu hakulikazi.

Tena, usijifunze maneno kwa kufuata kamusi kuanzia herufi A. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi, na anayeyajua hayo amekwisha kufungua mlango mkubwa. Juu ya hayo ongeza maneno ya kazi yako. Mkulima ajue "seed", "soil", "harvest" na "receipt". Karani ajue maneno yaliyomo katika barua anazozipokea kila siku. Maneno matano kwa siku, yaliyoshikwa barabara, yapita hamsini yaliyonakiliwa.

Jihadhari pia, maana maneno ya lugha mbili hayalingani kama visahani vya mizani. Sisi husema mkono, lakini Mwingereza hutenga "hand", yaani kitanga na vidole, na "arm", yaani sehemu iliyobaki mpaka begani. Sisi tuna kukopa na kukopesha, maneno ya shina moja. Yeye husema "borrow" na "lend", wala hakuna sauti inayoonyesha kwamba ni ndugu. Kwa upande mwingine, "employer" ni mwajiri na "employee" ni mwajiriwa, nayo hutofautiana kwa herufi ya mwisho tu. Maneno ya namna hii usiyaanze siku moja, yasije yakachanganyika. Moja likae kwanza, ndipo ulete la pili. Na kila moja liandikie sentensi fupi ya maisha yako mwenyewe, kama "The bank lends money, the farmer borrows it".

Mwisho, neno lililokumbukwa litumie siku ile ile. Liweke katika barua, liseme kwa mwenzako kazini, lisikilize redioni. Jembe lililotundikwa ukutani hushika kutu, hata kama lilinunuliwa kwa bei kubwa. Anayetenga dakika kumi na tano kila jioni kwa kasha lake, bila kuruka siku, atakuja kuisoma hati yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi.