Insulini Si Dawa ya Kutunisha Misuli

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Mtu akila ugali, wali au chapati, wanga humeng'enywa ukawa glukosi na kuingia katika damu. Kongosho hutambua ongezeko hilo na kumwaga insulini ya kutosha, kisha hupunguza kadiri sukari inavyoshuka. Kwa mtu mzima mwenye afya, sukari ya damu kabla ya kula huwa takriban milimoli 4 hadi 5.5 kwa lita.

Insulini inapojishika kwenye utando wa seli ya msuli, protini maalumu zilizokuwa ndani ya seli husogea hadi kwenye utando huo na kuipitisha glukosi. Katika ini, homoni hiyo huhimiza sukari iwekwe akiba. Aidha huzuia mafuta ya mwili yasivunjwe, na hupunguza kasi ya kuvunjika kwa protini za misuli. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowavuta watunisha misuli.

Dawa hii ilitafutwa kwa shida nyingine kabisa. Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini. Aliishi miaka 13 zaidi. Hadi leo mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini, maana kongosho lake halitengenezi tena ya kutosha. Kijana mwenye afya anayenyanyua vyuma ana kongosho linalofanya kazi, na mlo wa kawaida wenye protini na wanga unatosha kuliamsha. Sindano haimwongezei msuli kama anavyoahidiwa. Wanga anaolazimika kuubugia ili sukari isianguke huishia kuwa mafuta. Na baada ya mazoezi misuli hufyonza glukosi hata bila msaada wa insulini, hivyo sindano inayochomwa wakati huo inaikuta sukari tayari iko njiani kushuka.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kipimo. Insulini ya kawaida ina uniti 100 katika mililita moja. Kwenye bomba la sindano la mililita 2, mistari midogo hutengana kwa sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo kila mstari ni uniti 10. Jicho likipotea mistari mitatu, mwili umepokea uniti 30 ambazo haukuzihitaji. Aina nayo ina uzito wake. Insulini ya haraka huanza kazi ndani ya robo saa na hudumu saa tatu hadi tano, lakini ya muda mrefu huweza kufika saa 24. Anayenunua kichupa kichochoroni huenda asijue ni ipi aliyouziwa, na ikishachomwa haiwezi kutolewa.

Ubongo hula karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya mwili, na chakula chake kikuu ni glukosi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9, mwili hupiga kengele: jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio. Ikienda chini ya 3, mtu huanza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo na kuyumba, hata walio karibu wakadhani amelewa. Baadaye huja degedege, kupoteza fahamu na kifo. Insulini nyingi pia husukuma potasiamu kutoka katika damu hadi ndani ya seli, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Pombe huongeza hatari kwa sababu hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Anayeshuka sukari mara kwa mara huzoea, na zile dalili za mwanzo huacha kuonekana.

Sumu hii, basi, humnyang'anya mtu akili ya kuamua katika dakika zile zile anazohitaji kujiokoa. Ndiyo maana kinga haiwezi kuachiwa mtumiaji peke yake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipiga marufuku insulini mwaka 1998, na orodha ya shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, WADA, inaikataza wakati wote, ndani na nje ya mashindano, isipokuwa kwa mgonjwa mwenye kibali. Lakini wapimaji hawafiki kwenye jim za mitaani. Huko walinzi ni wananchi wenyewe.

Wenye duka la dawa wanapaswa kutotoa insulini bila cheti cha daktari, hata kwa mteja wanayemfahamu. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari inahitaji kujua idadi ya vichupa vyake, kwa sababu kinachopungua kwa siri ni uhai wa mgonjwa huyo. Kocha anayeshauri sindano hastahili kuachiwa wanafunzi. Mtumiaji mwenyewe, hata hivyo, asifukuzwe na kuaibishwa, maana atahamia chumbani na kuzimia asipoonwa na mtu. Afadhali jim ambamo wenzake wanajua, wanamkataza waziwazi, na wanamsindikiza kwa daktari. Bomba la sindano lisichangiwe kamwe. Huambukiza VVU na homa ya ini.

Kila jim iwe na sukari, soda ya kawaida na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza. Mwenye dalili, akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au soda nusu glasi hadi glasi moja, kisha apewe tena baada ya robo saa kama hajapata nafuu. Akipata, ale mkate au chakula kingine cha wanga. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Wanaompeleka wamweleze daktari ukweli: kwamba ni insulini, ya aina gani na saa ngapi ilichomwa, wakibeba kichupa kama kipo. Akizinduka kwa dripu ya glukosi, asiruhusiwe kurudi nyumbani mara moja, kwani insulini ya muda mrefu huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi baada ya mgonjwa kukaa kitandani na kuanza kuongea.