MTOTO AKITIMIZA MIAKA 18

Wanachama wenzetu, limetufikia neno ambalo hatuoni vema kulinyamazia. Wako miongoni mwetu, hapa Katandala na kwingineko Ufipa, walioachana na wake zao, nao kwa amri ya mahakama hutoa fedha za matunzo ya watoto kila mwezi. Mtoto atimizapo miaka 18, baba husema, "Nimemaliza," akazizuia fedha siku ile ile.

Twakiri kwamba hasemi uongo mtupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema amri ya matunzo hukoma mtoto afikapo miaka 18. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongeza jambo: ikiwa mtoto bado yumo katika masomo au mafunzo, mahakama yaweza kuiendeleza amri hiyo hata baada ya umri huo. Maombi yaweza kupelekwa na mzazi, au mlezi, au hata mtoto mwenyewe.

Na tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 7, huitwa kidato cha tano akiwa na miaka 18 au zaidi. Basi fedha hukatika wakati ule ule azihitajipo kuliko wakati wote. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule zake. Lakini nauli ya basi, sare, godoro, na blanketi la baridi ya Julai havikufutwa. Mama alimaye mahindi peke yake atavitoa wapi?

Hatusemi baba amlishe mtu mzima milele. Mtoto apataye kazi na ajitegemee. Mama mwenye kipato naye achangie. Na baba aliyepungukiwa na uwezo aende mahakamani akaombe amri ibadilishwe, wala asikate fedha kimya kimya.

Shauri letu ni hili: mwanachama ambaye mtoto wake yu masomoni asingoje kuitwa mahakamani. Na akae na mama wa mtoto, waandikiane kiasi na muda, mpaka masomo yaishe. Karani mwema hafungi jalada kwa kuwa mwaka umegeuka. Hulifunga jambo lilipokwisha. Aliyeachana na mke hakuachana na mwana.