Sindano ya kucha: inasaidia nani, inaharibu nani?

Katika Kivu, Ituri na Maniema, mtu akiona kucha zinakuwa nzito, zinageuka rangi ao zinapasuka, anaanzia kwa farmasi ya karibu. Pale anauziwa dawa ya shampinyo, na mara ingine anachomwa dexa kwa tako. Hakuna aliyeuliza kwanza: hiyo kucha iko na ugonjwa gani?

Magonjwa ya kucha yanafanana kwa macho. Shampinyo ndiyo inajulikana zaidi. Lakini kuna psoriasi, yenye inatia kucha vitundu vidogo ao inaibandua juu ya nyama. Kuna pia likeni, yenye inaifanya kuwa nyepesi, na mistari toka mwanzo mpaka mwisho. Hizi mbili haziambukizi, na si ulozi. Ni kinga ya mwili yenyewe inashambulia kucha.

Kwa hizi mbili, sindano ya steroidi inaweza kusaidia kweli. Muganga anachoma tone dogo la triamsinoloni pale kucha inaanzia, chini ya ngozi, juu pale ndipo inatengenezewa. Anarudilia kisha wiki 4 mpaka 8. Inauma, tusidanganyane, na damu inaweza kuvilia chini ya kucha ao ngozi ikawa nyembamba. Tena inaomba uvumilivu: kucha ya mkono inaota karibu milimita 3 kwa mwezi, basi mpya inachukua karibu miezi 6.

Kwa likeni, kuchelewa ni hatari. Ikiacha kovu pale kucha inaanzia, kucha hairudi tena. Ndiyo maana mwaka 2020 kundi la wataalamu wa inchi mbalimbali waliweka triamsinoloni kati ya dawa za kwanza. Kama kucha nyingi zimeguswa, hata sindano ya tako inakubaliwa, lakini kwa kipimo cha kilo za mgonjwa na muganga anamufuata.

Dexa ya farmasi haina hiyo hesabu. Kama ugonjwa ni shampinyo, steroidi inapunguza kinga na shampinyo inapata njia. Inapandisha sukari na tansio, na inaweza kuamusha kifua kikuu chenye kilikuwa kimelala. Wengine wanaitafuta hata kwa kunona. Ule uso wa mviringo wanaousifu ni alama kwamba dawa imezidi.

Wanasema waganga wa ngozi ni wachache, na ni kweli, wengi wako Kinshasa. Lakini kutafuta shampinyo hakuombi Kinshasa. Wanakata kipande cha kucha, wanakitia katika maji ya potasi, wanaangalia kwa mikroskopu, ile ile ya malaria. Vituo vingi vya afya viko nayo. Kinachokosa zaidi ni desturi ya kuomba hiyo egzameni mbele ya kuandika dawa.

Wamama wanaofua nguo za watu wako na shida ingine: ngozi ya kando ya kucha inavimba juu ya maji na sabuni kila siku. Pale hawaanzi na sindano. Wanaanza kwa kukausha mikono, kuvaa glovu, na pomati muganga amechagua.

Na mwenye kucha za vitundu, kama vidole vinamukazana asubuhi na vinauma, amwambie muganga siku ile ile. Psoriasi inaweza kushika viungo pia.