Mkono Nao Husoma

Yako maneno yasemwayo mara nyingi na walimu na wazazi, nayo twaona yafaa yajibiwe waziwazi: ya kwamba somo la Baiolojia haliwezi kufundishwa mwanafunzi akiwa nyumbani, maana nyumbani hakuna maabara. Maneno haya yana sura ya busara. Lakini sisi twayakataa, kwa kuwa yamekuwa kisingizio cha kuwanyima watoto nusu ya elimu yao.

Na tukumbuke yaliyotupata. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Watahiniwa wa Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba, na wenzao wa vidato vingine hawakurudi mpaka Januari 2021. Tena mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili. Basi mtu asiseme kwamba jambo hili lilikwisha pamoja na korona. Mto ukijaa, au maradhi yakiingia, mtoto atakaa nyumbani tena.

Katika siku zile za korona masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, nasi twashukuru. Lakini walimu wengi waliwapelekea wanafunzi wao nini? Maandishi ya kunakili. Mwanafunzi alichora mbegu iotayo, wala hakuotesha hata moja. Ukikusanya daftari arobaini ukaona picha ile ile katika zote, na katika kila daftari mbegu kumi zimeota zote kumi, je! hiyo ni elimu? Huko ni kuwazoeza watoto kushuhudia wasiyoyaona.

Wako tena wasemao kwamba yatosha mtoto atazame picha za jaribio katika simu. Picha njema ni msaada, hatubishi. Lakini atazamaye huona kazi ya mtu mwingine, iliyokwisha kufaulu. Na kijijini ni nyumba ngapi zenye simu ya namna hiyo, na fedha ya kuitilia kila siku? Redio haina picha, ni kweli, lakini yaweza kuuamuru mkono: chukua maharagwe thelathini na chupa tatu. Hata ujumbe mfupi wa simu ndogo waweza kusema hayo.

Basi hebu tutazame vilivyomo nyumbani. Katika chupa ya kwanza mtoto atie maharagwe kumi juu ya pamba yenye maji. Katika ya pili, kumi juu ya pamba kavu. Katika ya tatu, kumi ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na juu yake mafuta kidogo ya kuzuia hewa. Baada ya juma moja atajua mwenyewe kwamba mbegu yataka maji na hewa pia. Huenda katika chupa ya kwanza zikaota nane tu. Aandike nane, kisha aulize sababu ya zile mbili.

Kila mama atiaye chumvi katika kachumbari ameyaona maji yakitoka katika nyanya na vitunguu. Mtoto na akate vipande viwili vya kiazi, kimoja akitie katika maji matupu na cha pili katika maji ya chumvi nyingi. Baada ya saa chache avishike: cha kwanza kigumu, cha pili kimelegea. Hiyo ndiyo osmosisi, nayo imekuwamo jikoni siku zote. Tone la iodini, ile dawa ya vidonda, likidondoshwa juu ya muhogo hugeuka rangi ya buluu iliyokaribia weusi, maana mna wanga. Juu ya ute wa yai lililochemshwa halifanyi hivyo. Vipande hivyo visiliwe.

Hatusemi kwamba kila jambo lawezekana nyumbani. Kuchemsha jani katika spiriti ni hatari ya moto. Kazi hiyo ingoje shule na mwalimu aliye karibu. Wala seli nyingi hazionekani pasipo hadubini. Lakini kukosa hadubini si sababu ya kuacha maharagwe. Na katika mtihani wa KCSE karatasi ya tatu ya Baiolojia ni ya vitendo, yenye alama 40. Siku hiyo mtoto ataulizwa aliyoyaona, wala hataulizwa aliyoyanakili.

Nanyi wazazi, mkimwona mtoto na chupa zake, msimwambie kwamba anachezea chakula. Maharagwe thelathini hayaleti njaa, bali ujinga huileta, kwa mkulima asiyejua kwa nini mbegu zake zilioza shambani.

Walimu wenzetu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tusingoje shule zifungwe ndipo tutafute la kufanya. Muhula huu kila mwalimu na aandike kazi kumi za vitu vya nyumbani, kila kazi na swali lake, awape wanafunzi wazichukue kabla ya mvua za masika. Na daftari zikirudi, tumpe alama yule aliyeandika nane kwa kweli, kuliko yule aliyeandika kumi kwa kunakili.