Breki ya tela si utingo mwenye jiwe

Jamani, hebu tuambiane ukweli kuhusu haya matela yanayovutwa na pikapu huku kwetu Mtwara. Tela likiwa na taa za nyuma zinazowaka, tairi zenye upepo na kamba ya kufungia mzigo, tunaliita zima. Ukiuliza breki utajibiwa kuwa breki ni za gari la mbele. Zikishindwa je? Yupo utingo. Amekaa juu ya magunia na jiwe lake, kazi yake ni kuruka chini gari likianza kurudi nyuma kwenye mlima na kulisukumia jiwe chini ya tairi. Kijana wa miaka 17 ndiye mfumo wa breki! Mimi nasema huo ni uhuni, na wanaoufanya si watu wasiojua. Wanajua sana.

Tupige hesabu. Gunia la korosho ghafi linakaribia kilo 80. Panga magunia 25, umeshafika tani 2, na hapo hujahesabu chuma cha tela lenyewe. Pikapu inayolivuta, ikiwa tupu, ina uzito wa hapo hapo. Kwa hiyo breki zilizotengenezwa kusimamisha gari moja zinaombwa zisimamishe mawili. Na si kusimama tu. Ukikanyaga breki kwenye kona ya mteremko, tela lisilo na breki linaendelea na safari yake, linaisukuma pikapu kwa nyuma na kuigeuza ubavu. Anayejua barabara za Newala, mji uliokaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, pale kwenye Shimo la Mungu, hahitaji nimchoree picha. Uingereza tela likizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, lazima liwe na breki zake lenyewe. Kilo 750 ni magunia tisa! Sisi tunapakia 25 na kumpungia dereva mkono.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba matela mengine yanakuja na breki, halafu tunaziua wenyewe. Nimeona moja kwenye gereji ya hapa mjini, sitaitaja. Ni la Kimarekani, lenye breki za umeme. Taa zote zimeungwa vizuri: kahawia, njano, kijani. Waya wa bluu umekatwa, umekunjwa na kufungwa kwa tepu nyeusi. Nikamuuliza fundi, mzee wa watu, "Mzee, huu wa bluu wa nini?" Akacheka. "Huo hauna kazi, mwanangu. Trafiki anaangalia taa."

Loh! Huo wa bluu ndio wa breki.

Breki yenyewe si uchawi. Ndani ya ngoma ya gurudumu kuna sumaku ya umeme. Dereva akikanyaga breki, kifaa kidogo kilichofungwa karibu na usukani kinapeleka umeme kwenye waya wa bluu, kidogo kidogo au mwingi kadiri anavyokanyaga. Sumaku inang'ang'ania ngoma inayozunguka, inavutwa nayo, na mkono wake unatanua shuu za breki. Basi. Sumaku moja inakula ampia 3 hivi, tela la magurudumu mawili ampia 6.

Na hapo ndipo ufundi wa bora liende unapoumbuka. Wapo wanaojitahidi kuunga, lakini wanatumia waya mwembamba wa taa, ule wa nusu milimita ya mraba. Kwa mita 7 kwenda na 7 kurudi, volti 2 na nusu hivi zinaishia njiani kabla hazijafika kwenye sumaku. Wengine wanachukua waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene, ambao kwa mtikisiko wa barabara zetu utakatikia ndani ya plastiki na hutaona kitu. Waya wa nyuzi nyingi, milimita 4 za mraba, ndio wa kazi hii. Wengine wanaunga breki moja kwa moja kwenye waya wa taa ya breki, bila kile kifaa, hivyo tela tupu likiguswa tu linakaba magurudumu yote. Wengine wanalifunga kwenye lori la volti 24 wakati sumaku ni za volti 12. Na karibu wote wanadharau waya wa ethi. Wanaamini umeme utarudi kupitia kile kiungio cha chuma, chenye grisi, kutu na vumbi la Madimba!

Nimeshasikia utetezi wa chumvi, kwamba pwani hii umeme haudumu. Kwa matela ya kushushia boti pale Mikindani nakubali: ngoma ikizamishwa baharini sumaku na nyaya zitaliwa, na ndiyo sababu boti huvutiwa tela lenye breki za mafuta zinazojikaza tela linapoisukuma gari. Lakini tela la korosho linazamishwa bahari gani? Hewa ya chumvi inazuiliwa kwa viungo vilivyochomelewa risasi na kufunikwa vizuri, si kwa kukata waya.

Utetezi wa pili ni umaskini. Huu ndio wa uongo kuliko wote. Tangu 2007 tuna stakabadhi ghalani. Korosho inapimwa unyevu, inakatwa, inatazamwa ndani kama mgonjwa, inapewa daraja. Mzigo wa mamilioni unalindwa kila hatua, isipokuwa pale unapopanda tela pamoja na mtu hai juu yake. Pesa ya waya na plagi ipo. Imeamuliwa tu kuwa mguu wa utingo ni rahisi zaidi, maana mguu hauna risiti.

Kwa hiyo nawaambia viongozi wa AMCOS, maana ninyi ndio mnaokodi usafiri. Msimu ukifunguliwa Oktoba, kabla gunia la kwanza halijapanda, inueni gurudumu la tela kwa jeki, mlizungushe kwa mkono, mwambieni dereva akanyage breki. Fanyeni hivyo kwa kila gurudumu. Lisiposimama, tela halipakiwi. Kisha vuteni ule waya wa swichi ya dharura, unaotakiwa kukaba breki tela likichomoka, mfungue na kisanduku chake muone kama betri imo. Lile la gereji nililifungua. Mlikuwa na kiota cha nyigu.