Ukubwa wa Namba si Ubora wa Picha

Umeenea miongoni mwetu mtindo wa kupima ubora wa kitu kwa ukubwa wa namba iliyobandikwa juu yake. Mwananchi akienda dukani kununua televisheni, au kamati ya shule ikiketi kuchagua seti ya ukumbini, swali la kwanza huwa ni idadi ya mistari ya picha. Ikitajwa 1080, wote huridhika. Ikitajwa 720, wote hutikisa vichwa. Herufi ndogo inayofuata namba hiyo, ambayo huwa ni i au p, haiulizwi na mtu. Nasi twasema kwamba herufi hiyo ina uzito sawa na namba yenyewe, na anayeipuuza hununua jina akaacha kitu.

Yafaa ieleweke kwanza maana yake. Herufi i ni alama ya picha ya kupishana. Katika utaratibu huo hutumwa kwanza mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea hadi chini. Kisha hufuata mistari ya shufwa, wa 2, wa 4, wa 6, kujaza nafasi zilizoachwa. Herufi p ni alama ya picha ya mfululizo, ambayo mistari yake yote huja pamoja, toka juu hadi chini, bila kuruka hata mmoja.

Ubishi juu ya njia hizi mbili si wa jana. BBC ilipoanza huduma yake ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, mitambo miwili ilitumika kwa zamu. Wa kampuni ya Baird ulitoa mistari 240 ya mfululizo, picha 25 kwa sekunde. Wa Marconi-EMI ulitoa mistari 405 ya kupishana, nusu-picha 50 kwa sekunde. Februari 1937 mtambo wa Baird uliwekwa kando. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo kamera bora za mshindani wake. Lakini hapana shaka kwamba kupishana kulikuwa na hekima yake. Kuliondoa ule mpepeso uliochosha macho, bila kuongeza maradufu nafasi iliyohitajika katika mawimbi.

Hekima hiyo ilifungamana na kioo cha wakati ule. Zile televisheni ambazo watu wamezibatiza jina la chogo zilichora picha mstari kwa mstari. Mstari mmoja ulipoanza kufifia, jirani yake aliwaka, na jicho likaunganisha. Televisheni bapa za leo hazichori hivyo. Kioo chake chote hushika picha nzima kwa pamoja, kwa hiyo kila ikipokea nusu mbili, seti haina budi kuzishona kwanza ndipo ionyeshe.

Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Kitu kikiwa kimetulia, mshono hauonekani. Lakini kati ya nusu ya kwanza na ya pili hupita sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na katika muda huo mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16. Nusu mbili hazilingani tena, na ukingo wa mwili wake huota meno kama ya kitana. Seti nzuri hukisia na kusawazisha. Seti duni huacha wavu wa goli ukimetameta na maandishi yanayopita chini ya kioo yakitetemeka.

Tukitazama hesabu, fahari ya ile namba kubwa hupungua zaidi. Picha ya 1080 ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Picha ya 720 ina nukta 1,280 kwa 720, yaani 921,600. Mnunuzi hudhani kwamba anapata zaidi ya maradufu. Lakini ikiwa picha ya kwanza ni ya kupishana, kila mara huja nusu tu, nukta 1,036,800. Tofauti iliyobaki ni sehemu moja ya nane.

Wapo watakaosema kwamba tunaionea picha ya kupishana. La hasha. Ramani iliyotulia au mandhari ya mlima huonekana kwa undani zaidi katika 1080i. Filamu nayo haidhuriki, kwa kuwa nusu zake mbili hutokana na picha moja, na seti yenye kujua kazi yake huzirudisha pamoja bila hitilafu. Ndiyo maana huko Marekani vituo viligawanyika: ABC na ESPN walichagua 720p, ambayo huufaa mwendo wa michezo, hali NBC na CBS walichagua 1080i.

Hata hivyo mwelekeo wa dunia uko wazi. Mwaka 2004 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulipendekeza picha ya mfululizo, na mwaka 2010 vituo vya umma vya Ujerumani, ARD na ZDF, vilianza kurusha 720p. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilipotoa kanuni za televisheni zenye ubora mkubwa zaidi, halikuweka humo nafasi yoyote ya kupishana.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, wanaonunua kwa fedha za umma wasiridhike na namba ya kwenye boksi. Seti iliyoandikwa kwamba inapokea 1080i si lazima iwe na mistari 1080 katika kioo chake. Waulize ya kioo ni mingapi. Pili, wasikubali kuonyeshwa picha za maua zilizotulia. Wadai kuona mpira unaotangazwa moja kwa moja kupitia king'amuzi, watazame miguu ya wakimbiaji na maandishi yanayopita. Tatu, wenye vituo vya utangazaji wasing'ang'anie dawa ya mwaka 1936 ilhali ugonjwa wenyewe ulikwisha kuondoka pamoja na chogo.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fedha ya shule ni fedha ya mzazi. Haifai itumike kununulia mkakasi.